Vijiko Vitatu vya Muthokoi

Kwa miaka ishirini na mbili Musyimi aliuza nyama ya mbuzi mjini Mwingi, na matumbo aliyasafisha mwenyewe. Pale sokoni hakuna aliyejua utumbo kumshinda. Kisha mwaka juzi utumbo wake mwenyewe ukajipinda. Akadhani ni gesi, akanywa magadi siku mbili. Alipofika hospitali ulikuwa umeoza, ukakatwa, kikabaki kipande kisichofika urefu wa mkono.

Tangu hapo alilishwa kwa mshipa, chakula cha maji kikipitia mpira ulioingizwa kifuani. Chakula hicho hicho kikaanza kumharibu ini, na mishipa ikawa inaziba mmoja baada ya mwingine. Daktari akasema dawa iliyobaki ni kupandikizwa utumbo, huko India. Ndugu aliye hai anaweza kukatwa kiasi cha mita mbili za utumbo wake na akabaki mzima.

Ndugu alikuwa mmoja tu, dada yake Ndunge, aliyeolewa Kilungu. Miaka tisa nyuma, wakigombania shamba la mama yao, Musyimi aliapa mbele ya wazee kwamba hatakula tena nyumbani kwa Ndunge. Kwao kiapo cha namna hiyo hakifutwi kwa samahani, hufutwa kwa kula. Alijitakia mwenyewe, na wengi Mwingi walisema hivyo hivyo.

Akapelekwa Kilungu, mpira umefichwa chini ya shati. Ndunge hakumsalimia. Aliweka mezani bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

"Kula kwanza. Hiyo maneno ya hospitali tutaongea baadaye."

"Ndunge, unajua mimi siwezi kula."

"Najua. Ile siku ulikuwa unaweza na ukakataa."

Musyimi akala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, machozi yakimtoka. Kisha akakimbilia choo, na hakutoka huko mpaka ng'ombe waliporudi. Nje alimkuta dada yake amekaa juu ya jiwe, na beseni la maji ya kunawa miguuni pake, kitambulisho mkononi.

"Hiyo gari ya kesho ya kwenda hospitali inatoka saa ngapi?" akauliza.

Vipimo vilikubali, na huko India Musyimi akapandikizwa kipande cha utumbo wa Ndunge. Sasa anameza vidonge kila siku ili mwili usiukatae, na atavimeza maisha yake yote. Jumapili hula kwa Ndunge. Akinyoosha mkono kwenye pilipili, dada yake humpiga kofi vidoleni.

"Wacha! Wewe uko na kipande, mimi ndio mwenyewe."