Safu ya Walioondoka Bila Dawa

Lugano mwanangu, kila mwezi wa sita ukiingia naikumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Tukuyu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimekaa mbele ya kompyuta, nimejifunga kitenge mabegani, na nyuma ya ukuta wa plaiwudi nawasikia wateja wakishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga." Halafu mwingine, "Ndaga fijo." Nikajisemea, leo duka linakwenda vizuri. Nikaendelea na hesabu zangu.

Jana umenipigia simu kwa furaha kwamba umepata kazi kwenye kampuni ya kusambaza dawa huko Dar es Salaam, na kwamba kazi yako ni kukaa na laptop ukikadiria mauzo ya miezi ijayo. Ukaomba baraka za mama yako mdogo. Nitakupa, usiwe na haraka. Kwanza kuna habari ambayo marehemu mama yako aliificha kwa kunionea huruma, na mimi nikaificha kwa woga tu. Ni habari ya masikio ya dada yako Sekela. Umekua ukiambiwa kwamba aliugua malaria akiwa mdogo, akapona, ila hasikii. Ni kweli. Hukuambiwa kwa nini alikosa dawa.

Ilikuwa enzi za ruksa. Kabla ya hapo dawa ulikuwa unaziona hospitali tu, na hata huko mara nyingi unaambiwa njoo wiki ijayo. Watu binafsi waliporuhusiwa kuagiza na kuuza, Mzee Shabani akafungua duka la dawa la jumla na rejareja pale Bagamoyo, mtaa wa hapa Tukuyu, si ile ya pwani. Wazee wake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapahapa, na Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi yetu. Vijiduka vya mjini na vya vijijini, mpaka Ikuti kwenu, vilichukua kwake. Maana yake tukiishiwa sisi, wameishiwa wote.

Lori la dawa lilikuja mara moja kila miezi mitatu. Ukiagiza nyingi mno, zinapitwa na muda rafuni. Ukiagiza chache, hakuna wa kumkimbilia. Kabla yangu kazi ya kukadiria aliifanya Mzee mwenyewe pamoja na Mama Gwakisa, muuzaji wa kaunta, mama wa makamo ambaye kompyuta hakuijua wala hakuitamani. Walikaa kwenye benchi na vikombe vya chai, wakaambiana: mwezi wa sita watu wanarudi kutoka Kyela kuvuna mpunga, watarudi na malaria, ongeza ya watoto. Basi, imeisha hiyo.

Halafu nikaja mimi. Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi sita Mbeya mjini, na hapa Tukuyu waliojua hata kuiwasha walikuwa wa kuhesabika. Weee, maringo niliyokuwa nayo! Mzee akanunua kompyuta iliyotumika, nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua, kila jioni naifunika. Wewe laptop yako unaitupia tu kwenye begi. Mlangoni nikabandika karatasi: usiingie bila kubisha. Tena nikamwambia Mama Gwakisa kwamba nikiwa kwenye hesabu sitaki kusumbuliwa na mtu yeyote, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja. Nilisema hivyohivyo, kwa mdomo wangu.

Nikachukua madaftari ya mauzo ya miaka miwili nikaingiza kila dawa, kila mwezi. Mistari ya dawa, safu za miezi, na mwishoni fomula inayotoa wastani na kukadiria robo inayofuata, yaani miezi mitatu ya mbele. Ilikuwa kazi nzuri, sikatai. Lakini sikiliza nilipoharibu. Kwenye klorokwini ya maji, dawa ya malaria ya watoto ya siku zile, mwezi wa sita wa mwaka uliotangulia daftari lilikuwa jeupe. Haikuuzwa hata chupa moja. Kile kisanduku kitupu katikati ya jedwali kilinikera macho, nikaandika sifuri. Jedwali likapendeza. Wastani wa mwezi wa sita ukashuka nusu, na mimi sikuuliza umeshukaje.

Mama Gwakisa alipoiona oda aliishika ile karatasi mbali na macho, akasoma taratibu. "Atupele mwanangu, katoni nne? Mwezi wa sita?"

"Mama, hii haikisii kama nyie," nikamjibu. "Hii inapiga hesabu."

Nilimjibu hivyo mtu mzima aliyekuwa ananiletea ndizi za kuchemsha kila mchana. Akanitazama, akairudisha karatasi mezani, akarudi kaunta. Na Mzee Shabani akanisikiliza mimi, maana karatasi iliyochapwa siku zile ilikuwa na heshima yake. Oda ikaenda kama nilivyoipanga.

Katoni nne ziliisha wiki ya kwanza ya mwezi wa sita.

Asubuhi ile ninayokusimulia, mama yako alitoka Ikuti na Sekela mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka miwili, mwili unachemka. Walikuwa wamerudi kutoka Kyela siku chache nyuma, walikwenda kuvuna kwa wakwe. Akaulizia klorokwini ya maji, Mama Gwakisa akamwambia hakuna. Akauliza, "Mdogo wangu yupo?" Akaambiwa yupo, ila amekataza kusumbuliwa. Mama yako akasema, "Ndaga. Mwacheni afanye kazi." Akaondoka.

Hiyo ndaga niliisikia. Naapa niliisikia. Sauti ya dada yangu, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka siku anaolewa, na sikuitambua. Nilikuwa napanga upana wa safu.

Utaniuliza, hata ungetoka ungemsaidia nini na dawa haikuwapo? Ningemshika mkono nikampeleka hospitali saa ileile. Manesi wote nilifahamiana nao. Badala yake alizunguka vijiduka vya mtaa wa Bulyaga kimoja baada ya kingine, na kote wakamwambia hakuna, kwa kuwa wote walitegemea kwetu. Akarudi Ikuti na vidonge vya kushusha homa, akasubiri. Siku ya tatu mtoto akashikwa na degedege. Ndipo wakambeba hospitali mbio, na mimi nikaitwa huko nikiwa bado na kalamu sikioni.

Alilazwa wiki mbili. Daktari akasema malaria ilikuwa imepanda kichwani, tumshukuru Mungu yu hai. Tukamshukuru, tukachinja na kuku. Alipokuwa nyumbani siku kadhaa, mama yako akaangusha sufuria nyuma yake, kishindo kikubwa, sisi wote tukaruka. Sekela hakugeuka. Mama yako akaiokota, akaiangusha tena makusudi. Akaiangusha tena na tena mpaka nikamshika mikono.

Nilirudi kazini nikitaka kulia kwa Mzee Shabani anibembeleze. Hakunibembeleza. Aliniambia niwashe kompyuta, akavuta kiti, akaweka kidole kwenye kioo.

"Sifuri hii umeitoa wapi, binti?"

"Kwenye daftari, mzee. Palikuwa patupu."

"Patupu kwa kukosa mteja, au patupu kwa kukosa dawa?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Mama Gwakisa, aliyesimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba mwaka ule lori lilikwama njiani kwa mvua, na mwezi mzima alikuwa akiwarudisha akina mama na watoto wao. Yeye alijua. Wala hakuwa ameficha, ni mimi niliyemwambia anakisia.

"Mimi nina kosa langu," akasema Mzee. "Niliacha kumsikiliza huyu mama wa miaka yote nikasikiliza karatasi. Lakini sifuri umeandika wewe. Sasa funika mashine yako na hicho kitambaa. Wiki nzima utakaa kaunta, na kila asiyepata dawa utamwambia wewe mwenyewe, kwa sauti, hakuna. Halafu utapiga kistari."

Akanipa ubao wa katoni tupu na kalamu. Lugano, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na chai nimechuma. Mama anakuja na mtoto amelegea begani. Hakuna. Babu wa Ikuti ametembea tangu alfajiri. Hakuna. Nilingoja wanitukane, ningepata nafuu. Hakuna aliyenitukana. Unajua watu wetu walivyo, ukimpa anashukuru, ukimnyima anashukuru. Kila mmoja alinamisha kichwa kidogo, akasema ndaga, akatoka. Siku ya kwanza tu nikaelewa zile ndaga nilizokuwa nazisikia nyuma ya plaiwudi nikidhani ni biashara. Nikakimbilia stoo nikalia mpaka Mama Gwakisa akanifuata na maji ya kunawa uso. Kufika Jumamosi ule ubao ulikuwa umejaa vistari pande zote mbili.

Nilipoifunua tena ile kompyuta, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuongeza safu. Pembeni ya safu ya zilizouzwa nikaweka ya siku ambazo rafu ilikuwa tupu, na pembeni yake nikaweka ya walioondoka bila dawa. Ile sifuri nikaifuta, kisanduku nikakiacha kitupu kama kilivyokuwa, na maelezo ubavuni: lori lilikwama. Nikamwita Mama Gwakisa akae nami, yeye anaongea, mimi naandika. Watu wanakwenda Kyela lini, wanarudi lini. Malipo ya chai yanatoka lini, maana hapo ndipo watu wananunua dawa walizokuwa wanaahirisha. Barabara inaharibika miezi gani. Akataja mambo ambayo kwenye daftari hayakuwapo hata moja. Robo iliyofuata hatukupatia sawasawa, tulikosea dawa mbili tatu, lakini ya watoto haikuisha. Na haikuisha tena kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.

Sasa uniazime masikio, maana baraka ulizoomba zinaanzia hapa. Namba ya mauzo inakuambia ulichouza. Watu walichohitaji ni habari nyingine, na ukizichanganya hizo mbili jedwali lako litakudanganya kwa adabu kabisa. Usijaze sifuri mahali usipojua. Pakiwa patupu, inua simu, muulize anayekaa kaunta, hata kama yuko huku Rungwe kwetu na wewe uko ghorofani na kiyoyozi. Ukimpelekea bosi makadirio, usimpe namba moja iliyonyooka ukajifanya nabii. Mpe ya chini, ya kati na ya juu, umwambie kila moja umeitegemeza kwenye nini. Na robo ikiisha rudi ukalinganishe ulichosema na kilichotokea, uandike umekosea wapi, kwa mkono wako, kabla hajaandika mtu mwingine. Fomula mtazijua nyie vijana, mimi zilinipita zamani. Ila karatasi ya mlangoni usibandike.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini nikikuficha hili nitakuwa nimefanya ujinga uleule.

Sekela alipomaliza shule ya viziwi na kufungua kibanda chake cha ushonaji Bulyaga, nilimwandikia barua ndefu nikakiri yote. Akaisoma mbele yangu mpaka mwisho, akaikunja, akanitazama, akasema kwa ile sauti yake asiyoisikia mwenyewe: "Ndaga." Nikamkumbatia, nikarudi nyumbani nikijua nimesamehewa, na miaka yote hii nimelala usingizi wangu.

Jana uliponipigia simu nikawa natafuta maneno ya kukuonya usijaze sifuri, ndipo nikashtuka. Nikajiambia: Atupele wewe, uzee wote huu! Umeambiwa ndaga ukadhani umeelewa. Umeandika namba mahali palipokuwa patupu. Nikavaa viatu nikashuka Bulyaga. Nilisimama mbele yake auone mdomo wangu, nikamuuliza: "Ile siku uliyoniambia ndaga, ulikuwa umenisamehe?"

Akaweka mkasi chini. Akavuta kipande cha kitambaa cheusi, akaandika kwa chaki ya fundi: Nilishukuru kwa kuniambia ukweli. Kusamehe, nimefika nusu. Nikasoma, nikakaa kwenye kile kigoda cha wateja wake. Akanitazama nikilia, hakunizuia. Halafu akageuza kitambaa upande wa pili akaandika: Umechelewa kuuliza. Mwambie Lugano, na yeye asichelewe.

Basi nimekuambia. Nenda mwanangu, Mungu abariki kazi ya mikono yako, akupe bosi msikivu na watu wa kaunta wasiokuogopa. Kila chupa utakayoikadiria imkute mtoto anayeihitaji. Na anayeondoka kimya, Mungu akupe kumsikia, maana mimi nilikuwa na masikio mawili mazima. Ukija likizo usianzie kwangu. Anzia kwa dada yako, ukae naye, umuulize naye amewahi kukosa nini. Hiyo nusu iliyobaki nitakwenda kuiuliza mwenyewe kila mwezi wa sita, mpaka aniambie imefika.