Kamba ya Mita Hamsini

Chuo chetu cha ualimu kipo upande wa Tegeta, na hakikuwahi kuwa na fedha za kiwanja cha riadha. Kilikuwa na uwanja wa nyasi, magoli mawili ya mpira yaliyoinama, na mimi. Nimefundisha riadha pale kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote kifaa nilichokiamini kuliko vyote kilikuwa kamba ya katani ya mita hamsini.

Niliikata mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Niliazima tepu kwa fundi mmoja wa barabara, nikaitandaza chini, nikalaza kamba pembeni yake, nikakata panapotakiwa. Tepu nikairudisha siku hiyohiyo. Tangu hapo, kila masika yakiisha na mistari yote ikiwa imesombwa na maji, Jumamosi moja timu nzima ilitoka uwanjani. Wengine walifyeka, wengine walikoroga chokaa kwenye ndoo, mimi nilitembea na kamba. Kuzunguka uwanja mzima tuliitandaza mara nane. Nilikuwa na mchezo wa kuwauliza mwaka wa kwanza kwa sauti kubwa, nane mara hamsini ni ngapi, nao walijibu mia nne kwa pamoja huku wakinicheka. Niliipenda Jumamosi hiyo kuliko hata siku ya mashindano yetu ya palepale chuoni.

Mtu mwenye fyekeo huwa haangalii chini. Kamba ilikatwa mara ya kwanza, nikaifunga fundo. Baada ya miaka kadhaa ikakatwa tena, nikaifunga tena. Panya wa stoo nao wakafanya yao, nikaondoa kipande walichokitafuna na kufunga fundo la tatu. Kila fundo nililikaza kwa meno. Mafundo yale yalinipa hata fahari kidogo, kwamba wenzangu wanalilia vifaa huku mimi nikiendesha riadha kwa kamba ya zamani. Somo langu darasani, naomba mtu asicheke, ni hisabati.

Kwenye ukumbi wa chuo kulikuwa na ubao wa rekodi. Niliandika kwa rangi ya mafuta majina ya waliokimbia vizuri kuliko wote na muda wao. Mwaka mmoja, kamba ikiwa tayari na mafundo yake matatu, akaja binti kutoka Singida, mwembamba, mkimya, aliyekimbia mita mia nane kana kwamba kuna mtu anamngoja mwisho wa mstari. Hadi muhula wa pili alikuwa ameshafuta rekodi iliyokuwepo. Hakuwa na maneno mengi, lakini siku moja wakati anafungua viatu aliniambia, "Kocha, mie nataka kambi ya taifa. Ualimu upo tu, hauendi popote."

Nikawaandikia wateuzi wa kambi hiyo. Niliambatanisha muda wake, nikapiga muhuri, nikaongeza sifa ambazo sikuombwa. Wakamwita kwenye majaribio katika uwanja mkubwa kule Temeke. Ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza kuitwa pale. Nilikodi basi, wenzake kumi na wanane wakaja kushangilia.

Alimaliza wa saba. Niliitazama stopwochi yangu mara tatu. Alikuwa nyuma ya muda wake wa chuoni kwa sekunde tano na kitu, na kwenye mita mia nane hiyo ni aibu. Hata sikuandika muda ule kwenye daftari, kwa hasira.

Ndani ya basi nilisimama. Hadi leo najua nilishika kiti gani. Nikasema, "Kuna watu mazoezini ni simba, wakiona watu wanakuwa kuku. Wewe ni mwoga. Miguu unayo, moyo huna." Yeye alisema taratibu, "Nimekimbia kwa nguvu zangu zote, kocha." Nikamjibu, "Nguvu zako zote nazijua, ninazo kwenye daftari."

Asubuhi nilikuta viatu vyake vya mbio mezani kwangu, vimeoshwa, kamba zimefungwa pamoja. Hakurudi mazoezini. Alisoma, akahitimu, akapangiwa shule ya msingi Chanika. Baadaye wanariadha wa zamani walipoanzisha grupu la WhatsApp na kunifanya msimamizi, nilimuingiza. Alijitoa kabla ya jua kuzama. Nikasema moyoni, ona, hata hapa anakimbia.

Miaka saba ikapita hivyo. Mwaka jana chuo kikaamua kujenga bweni kwenye kona ya uwanja, akaja mpima ardhi, mama mmoja mwenye kofia pana na tepu ndefu ya chuma. Nilimsogelea kulinda mistari yangu. Nikamwambia bweni likiingia ndani zaidi litaharibu mzunguko wa mita mia nne.

"Mia nne ipi?" aliuliza.

"Hii."

"Hii haifiki mia nne, mwalimu. Nimeshaizunguka."

Nilicheka. Nikamwambia nimeipima mwenyewe kila mwaka. Akaniomba kipimo changu, nikaenda stoo nikaleta kamba kwa mikono miwili. Aliinyoosha chini pembeni ya tepu yake. Ilikuwa mita arobaini na nane. Nilibisha. Nikamwambia tepu yake imelegea, aivute. Akaivuta. Nikamwambia tuanze upya kutoka upande wa pili. Tukaanza upya. Mwishowe akasema bila ubaya, "Mwalimu, tepu haina ugomvi na wewe. Mita mbili zimo ndani ya mafundo na kipande ulichotupa."

Mita mbili, mara nane. Kumi na sita kila mzunguko. Mia nane ni mizunguko miwili, thelathini na mbili. Nilipiga hesabu hiyo nimesimama juani, nikiwa na kamba mkononi. Mita thelathini na mbili kwa mwendo wake yule binti ni sekunde tano na kitu. Nilikaa chini kwenye nyasi, mama yule akadhani jua limenizidi, akanipa maji.

Uwanja mfupi ni mfupi kwa wote, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Aliyeshinda kwetu alishinda kweli. Kilichodanganya ni saa tu, na saa ilimdanganya kila mtu kwa furaha isipokuwa mmoja.

Sasa niseme jambo baya kuliko fundo. Nilikaa miezi minne bila kumwambia mtu isipokuwa mke wangu. Nilijipa sababu. Wale kumi na wanane wana familia, wana kazi, na bado wanatambiana muda wao kwenye grupu kila Jumapili. Kumrudishia mmoja haki yake ni kuwanyang'anya wote. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Unawaonea huruma wao, au unajionea huruma wewe?" Nilimjibu kwa ukali. Kesho yake nikaenda Chanika.

Nilimkuta nje ya darasa, chaki mkononi, amenenepa kidogo. "Shikamoo kocha," alisema. Nikaitikia marahaba. Heshima ilikuwepo, ila hakunikaribisha kukaa. Tukasogea nyuma ya darasa, palipokuwa na kivuli, nikamweleza yote, kuanzia fyekeo hadi tepu ya chuma.

"Mita ngapi?" aliuliza.

"Kumi na sita kila mzunguko."

Alitazama chini. Nilijua anapiga hesabu, na nilijua zitatoka sawa.

"Kwa hiyo siku ile nilikimbia vilevile."

"Ulikimbia vilevile. Pengine zaidi kidogo."

Akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mara mbili wametaka kumfanya mwalimu mkuu msaidizi na mara mbili amekataa. Kazi ile inataka mtu wa kusimama mbele ya wazazi. "Mie nikasema siwezi, mbele za watu sifai. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Nilijua tu. Miaka saba yote nilikuwa najua."

Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Nilikuwa nalia, na sioni haja ya kuficha.

"Ulinisema mbele ya watu kumi na wanane," alisema. "Leo unakuja kuniambia nyuma ya darasa. Si wote wako kwenye grupu? Waambie. Rekodi hapahapa nisikie."

Nikatoa simu. Nikafungua grupu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti. Nikawaambia uwanja wetu ulikuwa mfupi, kosa ni langu na la kamba yangu, na muda wao wote wa pale si wa kweli. Nikawaambia maneno niliyosema ndani ya basi yalikuwa ya uongo. Nikawaambia kwamba katika miaka yangu yote pale chuoni, muda ninaoweza kuuapia ni mmoja tu, uliokimbiwa kule Temeke kwenye uwanja uliopimwa, na huo ndio rekodi yetu. Hapo nikakwama. Sikuwa nao. Sikuwahi kuuandika.

Nilimtazama, kidole bado kimebonyeza. Nikamuuliza kama anaukumbuka.

Akasogea, akainamia simu, akataja jina lake kamili, chuo chake na muda wake hadi sehemu ya mia ya sekunde, kwa sauti iliyofika hadi darasani, maana niliona vichwa vya watoto vikichungulia dirishani.

Nikaachia kidole. Akafuta chaki mikononi.

"Haya," akasema. "Sasa niingize tena kwenye grupu."