Msumari Juu ya Chupa ya Chai

Ofisi yetu ya utalii pale Karatu ilikuwa na msumari ukutani, juu ya chupa ya chai. Mimi ndiye niliyeupigilia. Kazi yangu ilikuwa kuandika ratiba za wageni kwa Kiingereza na kuajiri wafanyakazi wapya, na wenzangu hawakuchoka kuniuliza: neno "colour", yaani rangi, liandikwe na "u" kama Waingereza, au bila "u" kama Wamarekani? Nilijibu kwa ukali: chagua moja, ufe nayo. Mgeni akiona neno moja limeandikwa namna mbili kwenye ukurasa mmoja, atatilia shaka hata gari letu, aanze kuulizia tairi la akiba. Hilo naliamini hadi leo.

Barua za kuomba kazi zilizochanganya namna hizo mbili nilizitundika kwenye ule msumari. Kila siku saa nne, chai ikimiminwa, nilitungua moja nikaisoma kwa sauti, pamoja na lafudhi ya mwandishi. Wenzangu walicheka hadi chai ikawapalia.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya barua ya binti wa Kimaasai kutoka kijiji cha Piyaya, aliyeomba kazi ya mapokezi. Aliandika kwamba akiipata, mdogo wake atakuja kusoma mjini. Sentensi hiyo niliikokota kwa lafudhi yangu ya Kimaasai ya kuigiza. Ghafla kicheko kikakatika. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi la safari, amekuja kufuatilia majibu.

"Shikamoo mama," alisema. "Hiyo ni ya kwangu."

"Marahaba," nikamjibu, kisha nikaimalizia sentensi.

Hakulia. Aliomba kalamu na karatasi, akakaa kwenye benchi la nje, akaiandika upya yote. Aliponiletea niliipitia mara mbili, nikichakura kosa kama kuku jalalani. Sikupata. Alikuwa amechagua Kiingereza cha Uingereza na hakukiacha hata kwa herufi moja.

Niliona aibu, na aibu yangu haikawii kugeuka hasira. Nikimwajiri, nitakuwa namwona kila saa nne akiutazama ule msumari.

"Pole mwanangu, nafasi imeshajazwa."

Alisema asante. Akaomba ile barua ya kwanza, akaikunja vizuri, akaondoka nayo.

Nafasi haikuwa imejazwa. Kiti cha mapokezi kilikaa kitupu hadi masika, nami nilipita mbele yake kila asubuhi na ratiba zangu mkononi, zisizo na kosa hata moja.