Maji ya Kisima Kwenye Sufuria ya Mjomba

Nakumbuka mchana mmoja pale Unyambwa, mwanangu, nikiwa msichana wa kisomo cha jioni, nimejua kusoma juzi juzi na ninajiona nimeimaliza dunia. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imesimama. Boliti ilikatikia ndani ya chuma chake, na mjomba wangu Msengi, aliyekuwa fundi gereji Arusha kabla ya kurudi nyumbani, alipojaribu kukata meno mapya kwenye tundu la boliti, kifaa cha kukatia nacho kikavunjikia mle mle tunduni. Ni chuma kigumu, keekee ya kutobolea haikiwezi. Wanawake tulikuwa tumerudia jiwe la kusagia, na mama yangu viganja vilishavimba.

Mjomba akasema atakitoa kwa cheche. Mimi huyo, nyuma yake. Aliazima betri mbili za lori la ushirika, lililokuwa liondoke kesho yake asubuhi. Akaziunga, akaweka balbu katikati na kondensa ya redio mbovu. Nikauliza balbu ya nini mchana wote huu. Akacheka, akasema balbu inaushika umeme mkono usitoke kwa pupa ukaunguza waya. Kondensa inajaa umeme, kisha inautema kwa mkupuo. Chuma akakizamisha kwenye sufuria ya mafuta ya taa, yakafunika tundu kabisa, maana cheche ikipigia juu ya mafuta inawasha moto. Ncha ya shaba aliyoifunga kwenye waya ikawa inagusa na kuachia, kila mguso unang'ata chembe ya kile kipande. Mafuta yanaunyima umeme njia, alisema, ndiyo maana unaruka.

Akaitwa kikaoni. Akaniachia kazi, akaniagiza mafuta yakiwa meusi niyabadilishe kwa yale ya kwenye kopo. Sasa kopo lile lilikuwa la taa ya darasa letu! Nikaona uchungu. Kama kazi ya mafuta ni kupooza chuma na kuosha uchafu, nikajiambia, maji je? Nikachota kisimani, nikayaonja hata, nikamimina. Mapovu yakajaa, balbu ikawaka bila kukatika, nami nikafurahi, nikidhani ndiyo kazi inakwenda.

Mjomba aliporudi, betri zilikuwa zimelala. Akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Umeyaonja haya?"

"Ndiyo, mjomba. Ni matamu."

"Matamu kwako na kwa mbuzi wako. Haya yana chumvi, mama. Umeme umepata barabara humu, utaruka kwa nini?"

Hakunichapa. Asubuhi vijana walilisukuma lori mpaka likawaka, likaenda na betri zake, na mama akasaga kwa jiwe siku zote hizo mpaka liliporudi. Lori liliporudi nikasimama darasani, nikaomba yale mafuta mbele ya wenzangu. Wakatoa. Tukawa tunasoma jua lingalipo, mjomba akaazima betri tena, na kile kipande kikatoka kama jino bovu.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mimi nilionja, tena kwa moyo safi, ila ulimi wangu ulilelewa na kisima kile. Kabla hujaweka kitu mahali pa kingine, uliza kile cha kwanza kilikuwa kinafanya nini hasa. Na ulichokizoea tangu utoto, mpe mtu aliyetembea akuonjee.

Mungu asikuondolee hamu ya kujua, na akuwekee karibu mtu wa kumwuliza. Amina.