Wimbo wa Mbung'o

Redio ya Kosele ilikuwa ya baba mkwe wangu, na Kosele nzima ilikuwa ya redio. Miaka ile ya sitini, Uhuru ukiwa bado mchanga, hapakuwa na nyingine pale sokoni. Ilikaa juu ya kaunta ya duka lake, imefunikwa kitambaa nilichokifuma mimi. Jioni watu walijaa hadi barabarani kusikiliza taarifa ya habari, mawaidha ya bwana mifugo, muziki wa gitaa, halafu matangazo ya vifo. Habari za Kiswahili baba mkwe aliwafasiria wazee, tena alizifasiri atakavyo. Waziri asiyempenda hakuwahi kumaliza sentensi dukani mwetu.

Kazi yangu ilikuwa betri. Zikichoka nilizianika juani juu ya bati na kuzigeuza kama dagaa wa omena. Kwa kuwa nilitoka Sori, kwa wavuvi, walisema kuanika ndiko nilikosomea. Nilicheka nao, maana mke mgeni asipocheka huitwa mwenye kiburi.

Mama yangu alikuwa mgonjwa huko Sori. Nilipomwona mara ya mwisho tumbo lake lilikuwa limevimba, na zahanati ya karibu haikuwa na daktari. Sikuruhusiwa kukaa naye kwa sababu palizi ya Kosele ilikuwa inaningoja. Aliniambia, "Nikishindwa, ndugu yako atapeleka tangazo redioni. Wewe sikiliza tu." Basi kila jioni nilisimama nyuma ya mlango wa duka hadi majina ya wafu yaishe. Yakiisha bila la mama, nilikwenda kusonga ugali. Sikutaka kitu kingine wakati ule ila kumzika mama yangu kwa mikono hii.

Ndipo akaja bwana habari wa Serikali na Land Rover na mashine ya kunasa sauti. Serikali ilikuwa inafyeka vichaka kule Lambwe ili kuwamaliza mbung'o, naye alitaka wananchi waimbe redioni juu ya jambo hilo. Kikundi cha wanawake kikanichagua niongoze. Wimbo niliutunga mwenyewe: mbung'o anavyouma, malale yanavyomlaza mtu mchana kweupe, twende tukapimwe damu. Mwishoni niliongeza ubeti wangu: tuleteeni na daktari, wanaokufa si ng'ombe peke yao. Wanawake waliupigia vigelegele mpaka wakakauka koo. Bwana habari akasema atarudi siku ya soko kuunasa.

Jioni moja kabla ya soko hilo, matangazo ya vifo yakiwa karibu, mama mkwe alinituma mtoni. Nikamwambia mitungi yote imejaa. Akaumwaga mmoja mbele ya macho yangu, akanikabidhi ukiwa mtupu. Niliporudi redio ilikuwa imezimwa na watu wamenyamaza. Niliuliza waliofariki ni akina nani.

"Watu wa Alego huko," baba mkwe akasema.

Nilikuja kujua baadaye. Jina la mama lilikuwa limesomwa, na likafuatwa na maneno haya: habari zimfikie binti aliyeolewa Kosele. Soko zima lilisikia nikiitwa. Lakini kwetu, msiba wa mzazi wa mke hutamkwa kwanza na mwenye boma. Jirani akimtangulia, amemtukana. Kwa hiyo walifunga midomo na kungoja, na mwenye boma, baba mkwe, alikuwa anangoja wimbo wake. Siku zile muuza samaki aliniongezea samaki. Wanawake wasionijali walinipisha mtoni. Nilidhani ni heshima ya mwimbaji, nikatembea shingo juu. Mpaka leo nikikumbuka ile shingo nasikia hasira.

Siku ya soko niliimba. Sijawahi kuimba vile tena.

"Mama, hiyo wimbo iko sawa kabisa!" bwana habari alisema. "Umeimba na furaha. Wiki hii hii mtaisikia."

Baba mkwe angeweza kuniambia hapo. Lakini alikuwa amemwalika chifu aje kusikiliza, na kilio bomani kingemharibia karamu. Akaninyima habari tena.

Jioni ya wimbo waliniketisha kwenye kiti, karibu na kaunta, mahali ambapo mwanamke hakuwahi kuketi. Sauti yangu ikatoka. Watu walishangilia, wengine wakiangalia chini. Ubeti wa daktari haukuwepo. Walikuwa wameukata, na mahali pake bwana habari akaishukuru Serikali. Nilikasirika kwa hilo, na hilo ndilo jambo pekee nililoligundua.

Chifu alipoondoka, baba mkwe alizima redio, akaifunika kitambaa changu, akakinyoosha vizuri pembe zote.

"Nyar Sori," akasema, yaani binti wa Sori, "sasa unaweza kulia. Mama yako alitangulia."

Nilimtazama mume wangu, aliyelala kando yangu siku zote hizo. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu.

Nilifika Sori kwa lori na miguu. Binti aliyeolewa huanza kulia langoni, ndugu zake wakatoka kumpokea. Nililia kuanzia barabarani. Hakutoka mtu. Waombolezaji walikuwa wameketi uani palepale, wakanitazama nikipita. Udongo wa kaburi ulikuwa umekauka na kupasuka. Chini ya paa la jikoni, juu ya kinu, palikuwa na redio. Ndugu yangu alikuwa ameiazima ili matanga yote yasikie tangazo la mama, na tangu hapo haikurudishwa.

"Hawakuniambia," nilisema. "Naapa, hawakuniambia."

"Tulikungoja," ndugu yangu akajibu. "Tulikungoja mpaka mwili ukakataa, tukazika. Halafu tukakusikia. Wote hapa tulikusikia."

Nikafungua kinywa nilie tena. Akaniinulia mkono, taratibu, kama anayemnyamazisha mtoto.

"Acha, dada. Sauti yako tumeshaisikia."