Ndoo Saba za Maji Baridi

Nilimmwagia mwanamke mmoja ndoo saba za maji baridi kichwani, mchana kweupe, mbele ya watu thelathini.

Hakuna aliyenizuia. Kila nilipomaliza, niliambiwa nirudie.

Mimi ni mwigizaji wa vichekesho. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa yule jirani mmbea, yule mama mkwe mwenye gubu, yule mfanyakazi wa ndani anayeteleza na sinia. Jina langu watu hawalijui. Wananiita Mama Sinia, na nikipita sokoni wananiomba nianguke.

Sasa msimu mmoja mwandishi wa tamthilia akanipa zawadi. Ukurasa mmoja tu: mfanyakazi wa ndani anapigiwa simu kuwa mwanawe amefariki, analia jikoni peke yake.

Nililia mara moja tu. Mpiga kamera akafuta macho kwa shati.

Nikampigia mama, nikamwambia jioni ya siku hiyo asibanduke sebuleni. Akakusanya majirani, wengine wakakalia mikono ya viti.

Kipindi kikaisha. Nilionekana mara moja, nikianguka na sinia.

Mama akanipigia. Hakulaumu mtu.

"Labda nilisinzia, mwanangu," akasema.

Hapo ndipo roho iliponichafuka.

Mhariri wa picha akanitobolea siri. Malkia, nyota wetu, ndiye aliyeshikilia kipande changu kikatwe. Alidai mchekeshaji akilia anawachanganya watazamaji.

Nikauchuna. Kazini nikaendelea kumsalimia na kumchekea.

Wiki tatu baadaye siku yangu ikafika. Onyesho lilikuwa hivi: Malkia, tajiri ndani ya gauni jeupe, anamfokea mfanyakazi wake. Mimi nammwagia ndoo ya maji, kisha natamka: "Samahani mama, nilidhani ni maua."

Nikammwagia. Halafu nikakosea mstari.

Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kukosea mstari, kwa hiyo mwongozaji hakushuku kitu. Akasema turudie. Malkia akakaushwa nywele, akabadilishwa gauni.

Ndoo ya pili, nikasema nilidhani ni majani. Ya tatu, nikapiga chafya. Ya nne, nikajifanya hamnazo kabisa.

Kufikia ya sita meno yake yalikuwa yanagongana, na mimi roho kwatu. Nilikuwa namwona mama yangu pale sebuleni, akijilaumu kwa usingizi ambao hakuulala.

Ya saba nikamwaga, nikafungua mdomo nikosee tena. Malkia akaniwahi. Akakaa chini kwenye dimbwi, kope moja ya bandia imemshukia shavuni, akaniangalia.

"Mama Sinia," akasema taratibu, "kama umeamua kuniogesha, niletee na sabuni."

Studio nzima ikavunjika mbavu. Mpaka mimi.

Hicho ndicho kipande kilichorushwa. Wiki ile kila simu ilikuwa na Malkia akiomba sabuni. Mwongozaji akaona kumbe anaye mchekeshaji, tena mrembo. Wa nini tena mwingine?

Msimu uliofuata nikaitwa ofisini. Mwandishi hakuniangalia usoni. Akanisukumia ukurasa mmoja: mfanyakazi wa ndani anafukuzwa kazi, anaaga jikoni huku analia.

Nililia kweli. Safari hii hawakukata hata sekunde moja.

Mama akapiga simu kipindi kilipoisha.

"Leo sikusinzia," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Umelia vizuri, mwanangu. Wiki ijayo unatokea saa ngapi?"

Nikamwambia wiki ijayo alale mapema.

Ndugu msomaji, ukitaka kumkomesha mtu, tafuta njia nyingine, usitumie kazi yako. Mimi nilimweka adui yangu darasani tangu asubuhi, nikamfundisha kuchekesha ndoo baada ya ndoo, na akafaulu.

Ila ile barafu ya kwenye ndoo ya tano niliitia mwenyewe, na mpaka leo siijutii.