Mguu wa Boti Juu, Mguu Chini

Nimeendesha gari la zahanati miaka mingi, kuanzia kwetu Igowole hadi barabara za tope za Kyela. Kwa hiyo boti ilipoletwa, mganga mkuu aliniambia, "Dereva ni dereva tu." Vijiji kadhaa vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kupita Matema, havifikiki kwa gari, na watoto wa huko walihitaji chanjo.

Aliyenifundisha alikuwa mama wa Kinyakyusa, mstaafu aliyewahi kuendesha boti ya misheni. Injini ilikuwa ndani, upande wa nyuma, na nje ulining'inia mguu wa chuma wenye pangaboi ya kusukuma boti. Karibu na usukani kulikuwa na kitufe chenye mishale miwili.

"Hiki cha mguu," alisema. "Ukianza safari, shusha mpaka mwisho. Boti ikishakaza mwendo, pandisha kidogo kidogo, pua nayo itainuka."

"Mguu unapanda nyuma, na pua inapanda mbele?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mimi najua ukinyanyua gari nyuma, mbele linainama. Lakini niliona haya kuuliza tena, nikaitikia.

Siku ya kwanza tulitoka na mama huyo asubuhi, ziwa limetulia. Nesi alisimama kando yangu na sanduku la chanjo. Nilishusha mguu, nikaongeza moto wa injini, kisha nikaanza kupandisha. Usukani ukawa mwepesi, boti ikateleza vizuri. Nikafurahi, nikabonyeza tena. Na tena.

Ghafla pua ikaanza kuruka na kudunda majini. Nilitafuta mawimbi, sikuyaona. Nikadhani injini imeharibika, na kwa woga nikakata kona kuelekea ufukweni, moto ukiwa vilevile. Boti ikateleza kiubavu, pangaboi ikanyonya hewa, injini ikapiga yowe. Nesi akaanguka sakafuni, akalikumbatia sanduku.

Mama alinyoosha mkono, akapunguza moto taratibu.

"Nyoosha usukani. Sasa shusha mguu. Ukiwa juu hivyo, kona haikatwi."

Pua ikashuka, boti ikatulia. Nesi alikuwa amechubuka kiwiko, chanjo zilikuwa salama. Nilimwomba radhi mara tatu.

"Mbona hukuuliza?" mama alisema.

"Niliuliza mara moja."

"Ungeuliza mara kumi."

Tulipofika, alinichorea mchangani kwa kijiti: mguu ukiinuliwa, pangaboi inasukuma maji kwa mshazari kuelekea juu, nyuma ya boti inakandamizwa chini, pua inapanda. Nilitazama mchoro ule hadi nesi akamaliza kuchanja foleni nzima. Nilielewa nusu.

Sasa naendesha mwenyewe. Abiria wote wanakaa kwanza. Nashusha, naondoka, nagusa kitufe kidogo tu. Pua ikianza kudunda nashusha, na kabla ya kona napunguza moto na kushusha pia. Mikono imeshajua. Kichwa changu bado kinabishana nayo.